Maziwa, Jua na Fosfeti: Mfupa wa Mtoto Unajengwa na Nini?

Hoja iliyo mezani ni hii: "Maziwa na jua vinatosha kujenga mfupa wa mtoto, habari za protini na fosfeti ni anasa ya maabara." Inajadiliwa Yamumbi, pembezoni mwa Eldoret, mahali ambapo nyuma ya nyumba kuna ng'ombe wa gredi, mbele yake kuna duka la M-Pesa, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko safari fupi ya matatu. Wanenaji ni wa kubuni, na majina yao ni kazi zao. Miaka, vipimo na magonjwa wanayoyataja si ya kubuni.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Kanuni mnazijua: pinga hoja, usimpinge mtu. Mtoa hoja ataanza, mpinzani atamfuata, kisha tutawapa nafasi walioketi. Mzee, jukwaa ni lako.

MFUGAJI: Ahsante, Mwenyekiti. Nitasema machache, maana ukweli hauhitaji mapambo. Nimekamua ng'ombe tangu ujana wangu. Ndama akinyonya vizuri, haupiti muda anaruka ua. Ukimnyima ili uuze maziwa yote, anadumaa ukimtazama. Mtoto wa binadamu naye ni hivyo hivyo. Shida yetu hapa naijua. Tunakamua alfajiri, lita zote zinapanda bodaboda kwenda mjini, na mtoto wa mwenye ng'ombe anaamka kunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Mchana ugali, jioni ugali. Miguu ikianza kupinda tunaulizana ni ukoo gani ulioleta ugonjwa, kumbe ugonjwa umeletwa na kikombe kitupu. Mrudishieni mtoto kikombe chake, mtoeni nje aote jua, na mfupa utajijenga. Mawe yakifika kiwanjani, ukuta unapanda. Hizo habari nyingine waachieni wenye darubini.

MWENYEKITI: Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo tusiwasifu mno wauza maziwa. Mwalimu wa biolojia, jibu.

MWALIMU: Mwenyekiti, nakubaliana na Mzee karibu kwa kila kitu. Ninalolikataa ni neno "vinatosha", na shahidi wangu ni maziwa yake mwenyewe. Lita moja ya majimaji ya damu ina takriban miligramu 100 za kalsiamu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban miligramu 1,200, na fosfeti nyingi juu yake. Kalsiamu na fosfeti zikikutana kwa wingi huo ndani ya maji, kawaida yake ni kuganda na kutua chini kama mchanga mweupe. Basi mbona kiwele cha ng'ombe hakijai mawe? Mbona maziwa hutoka yakitiririka?

MFUGAJI: Kwa sababu Mungu aliyaumba hivyo.

MWALIMU: Amina, na njia aliyotumia inaelezeka. Protini kubwa ya maziwa inaitwa kaseini. Katika maziwa ya ng'ombe hiyo ni kama asilimia 80 ya protini yote. Kabla haijaondoka kwenye seli ya kiwele, kaseini hubandikwa vipande vya fosfeti katika sehemu maalumu za mnyororo wake, kwenye asidi amino iitwayo serini. Aina moja ya kaseini hupata vipande vinane, nyingine vitano. Fosfeti ina chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya. Kwa hiyo kaseini huikamata kalsiamu ikiwa bado katika vipande vidogo mno na kuizuia isikue kuwa jiwe. Vifundo hivyo vya kaseini na madini huelea katika maziwa, na ndivyo hasa vinavyoyafanya yawe meupe. Kama hapangekuwa na kazi hiyo ya kubandika fosfeti, Mzee, usingekuwa na bidhaa ya kupakia kwenye bodaboda.

MFUGAJI: Lakini ng'ombe wangu hajui hayo yote, na anakamuliwa vizuri tu. Kwa nini mama wa mtoto ayajue?

MWALIMU: Swali zuri, na nitalifikia. Kwanza nimalize ushahidi. Kwamba kaseini ina fosforasi lilijulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1954 George Burnett na Eugene Kennedy walionyesha kwamba ini la panya lina kimeng'enya kinachoweza kuitia kaseini fosfeti. Tangu hapo wataalamu wamegundua vimeng'enya vya namna hiyo kwa mamia ndani ya seli. Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kufungua mlango huo. Ila kile chenyewe kinachoitia fosfeti kaseini ya maziwa halisi hakikutambuliwa hadi mwaka 2012, kundi la Vincent Tagliabracci na Jack Dixon huko San Diego, Marekani, lilipoonyesha kwamba ni kimoja kinachoitwa FAM20C. Hukaa katika Golgi, sehemu ya seli ambako protini za kupelekwa nje hupitia. Na sasa ndipo maziwa yanapokutana na mfupa: kimeng'enya kilekile, FAM20C, ndicho kinachozitia fosfeti protini ambazo seli za mfupa hutoa nje ili kusimamia mahali na wakati wa madini kuganda.

NYANYA: Mwenyekiti, mimi sijasoma hayo, lakini nina swali kabla hamjapotelea ndani ya seli. Sisi tulimlea mtoto kwa supu ya mifupa. Mtu akivunjika, supu. Mama akijifungua, supu. Mnataka kuniambia mfupa wa ng'ombe hauwi mfupa wa mtu?

MWALIMU: Nyanya, swali lako nimelijia na vitu. Hii hapa mezani ni mifupa miwili ya kuku. Huu wa kwanza nimeuloweka katika siki kwa siku kadhaa. Ushike.

NYANYA: Unajipinda! Kama mpira.

MWALIMU: Siki imeyeyusha madini, imebaki protini, nyingi yake ni kolajeni. Sasa shika huu wa pili, niliouchoma jikoni hadi ukawa mweupe. Taratibu.

NYANYA: Umevunjikavunjika mkononi mwangu.

MWALIMU: Moto umekula protini, yamebaki madini. Mfupa mkavu una madini kwa takriban theluthi mbili ya uzito wake, fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo haidroksiapataiti. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni kolajeni. Ukichemsha supu kwa saa nyingi, inayotoka kwa wingi ni kolajeni iliyolainika, ile inayoganda supu ikipoa. Madini yanabaki ndani ya mfupa, unamtupia mbwa. Supu ni chakula kizuri na inampa mgonjwa nguvu, lakini kalsiamu yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kikombe cha maziwa. Mtoto akila omena mzima na mifupa yake, huyo amekula kalsiamu kuliko mwenzake aliyekunywa supu.

NYANYA: Omena wa Kisumu tunao sokoni. Haya, nimesikia. Lakini umenionyesha mambo mawili tu, protini na madini. Hao wasimamizi wa fosfeti uliowataja sijawaona mezani.

MWALIMU: Ni wachache kwa wingi, ndiyo maana jicho haliwaoni. Ngoja mwanafunzi aje nao.

MWENYEKITI: Kabla yake, muuguzi wa kliniki ya watoto ameomba kuunga mkono hoja. Sista, karibu.

MUUGUZI: Ahsante. Mimi ninawasikiliza watu hawa wawili nikiwa na foleni kichwani. Mtoto anapoletwa na matege, vifundo vya mikono vimevimba na mbavu zina vinundu, hatuanzi kwa kutafuta jeni. Tunauliza anakula nini na analala wapi. Eldoret iko karibu kabisa na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 2,100. Jua lipo mwaka mzima na ni kali. Lakini baridi pia ipo, na mtoto wetu huvikwa sweta, kofia na shali hadi yabaki macho. Mama akienda kibarua, mtoto hubaki katika chumba cha kukodi chenye dirisha moja. Maziwa ya mama ni bora kwa kila kitu, ila vitamini D ndani yake ni haba. Akianza kula, anapewa uji wa mahindi, na mahindi karibu hayana kalsiamu. Wimbi unayo nyingi, lakini wimbi siku hizi umekuwa ghali na tunauchanganya kidogo tu kwa rangi.

MWANAFUNZI: Na wimbi una faiteti inayoishika kalsiamu isifyonzwe yote.

MUUGUZI: Unaona? Hata hapo tunazungumza jiko, hatuzungumzi Golgi. Utafiti uliofanywa katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba upungufu wa vitamini D ndio uliowapa watoto wale matege, ukiambatana na utapiamlo. Nigeria, utafiti wa mwaka 1999 ulikuta jambo tofauti kidogo: watoto wengi walikuwa na jua la kutosha, walikosa kalsiamu, na walipopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana juu ya tiba: vitamini D angalau yuniti 2,000 kwa siku kwa muda usiopungua wiki 12, pamoja na miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, kutoka kwa chakula au dawa. Tiba hiyo ni rahisi kuliko nauli ya kwenda Nairobi. Pesa tulizo nazo ziende huko. Naunga mkono hoja.

MWENYEKITI: Hoja nzito hiyo. Mwanafunzi wa udaktari, upande wa upinzani.

MWANAFUNZI: Ahsante, Mwenyekiti, na shikamoo kwa wazee wote. Sista amesema kweli tupu na sitampinga kwa takwimu zake. Nitampinga kwa yule mtoto wa mwisho kwenye foleni yake. Huyu amepewa vitamini D, amepewa kalsiamu, wiki 12 zimekwisha, mama ameshika maagizo yote, na eksrei ya kifundo cha mkono ni ileile. Tufanyeje? Kwa mantiki ya hoja hii, tumwongezee maziwa. Mama ataambiwa hakufuata maagizo. Atalaumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

MUUGUZI: Hao ni wachache.

MWANAFUNZI: Ni wachache, na sina haja ya kuwazidisha. Lakini tuone kwanza kinachotokea ndani yao. Mwalimu ametaja protini zinazotolewa na seli za mfupa. Mojawapo ni osteopontini. Ikiwa na fosfeti zake, hushika uso wa fuwele na kuzuia isikue ovyo. Lazima tukumbuke kwamba mwili wote umejaa maji yenye kalsiamu na fosfeti. Kama hakungekuwa na vizuizi, mishipa ya damu ingekuwa migumu kama mfupa. Hata mate yetu yana protini yenye fosfeti, inaitwa statherini, inayozuia kalsiamu ya mate kuganda mdomoni. Kwa hiyo swali la mfupa halina upande mmoja wa "madini yafike". Lina upande wa pili: yagande wapi, na yasigande wapi. Mzee alisema mawe yakifika ukuta unapanda. Mawe yakifika bila fundi, linapanda rundo.

MFUGAJI: Mfano umenigeuzia. Endelea, kijana.

MWANAFUNZI: Mwaka 1989 huko Uingereza alielezwa mtoto mchanga aliyekuwa na mifupa mizito kupita kiasi na uso usiokua sawasawa. Ugonjwa huo ukaitwa sindromu ya Raine. Wengi wao hufariki siku za mwanzo. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba chanzo ni kasoro katika jeni ya FAM20C, mtoto akiirithi kutoka kwa baba na mama pia. Wakati huo hakuna aliyejua jeni hiyo hufanya kazi gani. Ilipofika 2012 na ikajulikana kwamba ndiyo inayotia fosfeti, mambo yalianza kueleweka: vizuizi vimekosa fosfeti, madini yanaganda hata mahali pasipotakiwa, mpaka ndani ya ubongo.

NYANYA: Basi ukikosa huyo msimamizi, mfupa unazidi. Na sisi tunazungumzia miguu laini inayopinda. Hapo mmejichanganya.

MWANAFUNZI: Nyanya, hilo ndilo fumbo lenyewe! Baadhi ya wagonjwa wa Raine huishi, na hao wengine wao wana fosfeti kidogo katika damu. Panya walioondolewa jeni hiyo katika maabara walipata matege. Kosa moja, matokeo mawili yanayokinzana. Jibu liko kwenye protini nyingine ya seli za mfupa, homoni iitwayo FGF23. Hii hutoka mfupani ikaenda kwenye figo na kuziamuru zitoe fosfeti nje kwa mkojo. Pia huzipunguzia figo kazi ya kuiamsha vitamini D. Inatakiwa iwepo, lakini kwa kiasi, na mwili huipunguza kwa kuikata vipande. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba FAM20C ndiyo inayoitayarisha ikatwe: hubandika fosfeti karibu na mahali pa kukata, na fosfeti hiyo huzuia sukari ya kinga isijishike hapo. Fosfeti isipobandikwa, FGF23 inabaki nzima, inazidi kuamuru figo, fosfeti inamwagika kwenye choo. Damu ikikosa fosfeti, hata ukileta kalsiamu ya ng'ombe wote wa Uasin Gishu, fuwele haijengeki, kwa sababu imeundwa kwa vyote viwili.

MWENYEKITI: Tulia kidogo, watu wapumue. Mzee, unasemaje?

MFUGAJI: Nasema kijana ameeleza vizuri hadi mimi nimeelewa, na hilo ni jambo. Lakini ugonjwa wa Raine ni wa watu wangapi duniani? Mtaa huu wote hautampata hata mmoja. Tusijenge sera juu ya mtoto mmoja wa Uingereza.

MWANAFUNZI: Kweli, Raine ni nadra sana. Lakini njia ya FGF23 haimilikiwi na Raine. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao fosfeti hupotea kwa FGF23 kuzidi, unaopita kwenye kromosomu ya X. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 20,000. Hao matege yao hayaponi kwa vitamini D. Tangu 2018 ipo dawa iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya inayoizuia FGF23 yenyewe, burosumabu. Hapa kwetu, wengi bado tiba yao ni fosfeti ya kunywa na vitamini D iliyokwisha kuamshwa, na hiyo hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali, kamwe si ya kununua dukani. Lakini hata kabla ya jeni: Gambia, watafiti walikuta watoto wenye matege yaliyotokana na ukosefu wa kalsiamu wana FGF23 ya juu. Yaani hata ugonjwa wa jikoni, ule wa Sista, unapita kwenye mlango huohuo. Kalsiamu ikikosekana muda mrefu, homoni zinachafuka na fosfeti nayo inapotea. Anasa gani hiyo inayoishi Gambia kwa watoto wa wakulima?

MUUGUZI: Hilo la Gambia sikulitarajia. Lakini bado tiba ya mtoto yule wa Gambia ni kalsiamu, sivyo?

MWANAFUNZI: Ndiyo, Sista. Kwa hilo umeshinda.

MWENYEKITI: Sasa hadhira. Mama kule nyuma.

MSIKILIZAJI WA KWANZA: Mimi nimetokea upande wa Nakuru. Meno yangu mnayaona, ya kahawia, na ya ndugu zangu ni hivyo. Tuliambiwa ni maji ya kisima. Hayo nayo yana uhusiano na mambo yenu?

MWALIMU: Yana uhusiano wa karibu. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floridi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi, inavuruga utengenezaji wa enameli. Jino likishatoka, enameli haina tena seli za kuikarabati, kwa hiyo doa linabaki. Na tazameni: huko Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki imekuwa ikisafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu madini yaleyale ya mfupa huikamata floridi. Kwa meno hayo tunajifunza kwamba madini kuwa mengi hakumaanishi tishu kuwa njema. Kuhusu fosfeti, enameli ina protini yake iitwayo enamelini, yenye asidi amino zaidi ya 1,100. Kuna ukoo uliopatikana na kasoro ya meno kwa sababu serini moja tu, ya nafasi ya 216, ilibadilishwa na asidi amino nyingine isiyoweza kubandikwa fosfeti. Enameli yao haikuumbika sawasawa, ingawa walikula kama wengine.

MSIKILIZAJI WA PILI: Mimi ni mkimbiaji. Wenzangu wengi huumia mfupa wa goti kushuka chini kwa sababu ya mazoezi. Niongeze vidonge vya kalsiamu?

MUUGUZI: Kula vya kutosha kwanza, na pumzika. Mkimbiaji anayejinyima chakula ili awe mwepesi huumia mfupa hata akimeza vidonge. Na maumivu yasiyoisha yaonwe na daktari, usikimbie juu yake.

MSIKILIZAJI WA TATU: Swali langu ni la mursik. Tukichachusha maziwa katika kibuyu, yaani sotet, ile kaseini yenu inaganda. Kalsiamu inapotea?

MWALIMU: Haipotei. Maziwa yakiwa machachu, asidi huyeyusha madini yaliyokuwa yameshikwa na kaseini, nayo yanahamia kwenye majimaji. Ukinywa mursik pamoja na maji yake, umeipata yote. Ukimwaga maji ukabakiza mabonge, umeimwaga nyingi.

MFUGAJI: Afadhali. Nilidhani mngeniharibia na mursik.

MWENYEKITI: Turudi kwenye hoja. Mwalimu, uliahidi kujibu swali la Mzee: kwa nini mama ayajue?

MWALIMU: Mama hana haja ya jina FAM20C. Mwaka 2015 walewale watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya hicho hutia fosfeti zaidi ya protini 100 zinazotoka nje ya seli, wakipima seli za ini, za titi na za mfupa. Orodha hiyo ni ya wataalamu. Anachohitaji mama ni matokeo yake: kwamba chakula ni sharti la kwanza, na kwamba kipo kituo cha pili, ndani ya mwili, kinachoweza kukwama bila kosa lake. Anayemhudumia ndiye anayehitaji zaidi. Akiamini kwamba maziwa na jua vinatosha, mtoto asipopona ataongeza dozi. Akijua kuna kituo cha pili, atapima fosfeti.

MUUGUZI: Na kipimo hicho si cha ajabu. Kalsiamu, fosfeti na ALP hupimwa katika damu ileile, pamoja na eksrei.

MWANAFUNZI: Na hiyo ALP, Sista, ni kimeng'enya kinachofanya kinyume: chenyewe huondoa fosfeti. Seli za mfupa hukitumia kuvunja kizuizi kimoja cha madini ili ugandaji uanze. Wapo watoto wanaozaliwa wakiwa nacho kidogo mno, na mifupa yao ni laini pia. Kwao ALP iko chini, wakati katika matege ya kawaida huwa juu. Kumbe unasoma habari za kutia na kuondoa fosfeti kila siku kwenye karatasi ya maabara.

MUUGUZI: Basi nitabadili upande nusu. Sikubali kuanza na vipimo kwa kila mtoto. Tutamaliza pesa na watoto wengine wakose vitamini D. Lakini sikubali tena neno "anasa". Mwenyekiti, naomba kurekebisha hoja isomeke hivi: "Maziwa na jua ndio mwanzo wa mfupa wa mtoto; lakini vikitolewa ipasavyo pamoja na tiba kwa wiki 12 na eksrei isionyeshe nafuu, fosfeti ya damu ipimwe kabla ya kumlaumu mama."

MWALIMU: Upinzani unakubali.

MFUGAJI: Mimi nakubali kwa shingo upande, na nitasema kwa nini. Nimeshawishika kwamba fundi yuko ndani ya mwili na anaweza kukosea. Lakini nina hofu. Tukitoka hapa, watu watakumbuka jeni na kusahau kikombe. Neno la kigeni huvutia kuliko maziwa. Baba atakayeuza lita zote sasa atapata kisingizio: mtoto ana protini mbovu. Kwa hiyo ongezeni: anayekamua abakishe kikombe cha mtoto kabla mkebe haujaondoka nyumbani.

NYANYA: Na mimi naongeza: mama asimfunike mtoto mchana kama gunia la viazi. Mazoea hayo ni sisi tuliowafundisha.

MWENYEKITI: Marekebisho yote yameingia. Wanaokubali hoja iliyorekebishwa, mikono juu. Wanaopinga. Imepita. Mzee, mkono wako sikuuona upande wowote.

MFUGAJI: Nangoja nione nani atalipia hicho kipimo cha fosfeti.

MUUGUZI: Swali la haki, na jibu lake halimo kwenye seli. Mama anayetoka Yamumbi kwa nauli yake, akaambiwa kipimo kimoja hakimo kwenye malipo yake, atarudi nyumbani na vidonge vilevile vilivyoshindwa. Ujuzi wa mwaka 2012 utamfikia mtoto huyu siku kipimo hicho kitakapolipiwa kama chanjo inavyolipiwa. Hadi hapo, mwenye kupinga hoja ana sababu.

MWENYEKITI: Kumbukumbu ziandike hivyo: hoja imepita, na sharti lake la malipo halijatimizwa.